Fakihi Alipoingia Ikulu

Tarehe 6 Januari 1988, Ayatullah Ruhollah Khomeini alimwandikia barua rais wa Jamhuri ya Kiislamu ya Iran, Ali Khamenei, na barua yenyewe ikatangazwa hadharani. Ilikuwa barua ya karipio. Siku chache kabla yake, katika hotuba ya Ijumaa mjini Tehran, rais alikuwa amesema kwamba mamlaka ya serikali yana mipaka, na mipaka hiyo ni hukumu za sheria ya Kiislamu. Maneno kama hayo yangesemwa kwenye mimbari ya Lamu au Unguja, hakuna ambaye angegeuza shingo. Khomeini hakuyakubali. Serikali, alimjibu, ni tawi la mamlaka aliyokuwa nayo Mtume mwenyewe. Ni miongoni mwa hukumu za msingi za Uislamu, na inatangulia hukumu zote za matawi, hata sala, saumu na hija. Akatoa na mifano. Barabara ikihitaji kupita mahali penye msikiti, serikali inaweza kuubomoa. Mkataba iliofunga na wananchi ukionekana kudhuru maslahi ya nchi, inaweza kuuvunja peke yake. Hata hija inaweza kuizuia kwa muda, na hilo lilikuwa jambo la wakati ule ule: Julai 1987 watu zaidi ya 400 walikufa Makka katika mapambano kati ya mahujaji wa Iran na askari wa Saudi Arabia, na kwa miaka 3 iliyofuata Wairani hawakwenda hija.

Aliyeandika hayo ndiye mwanazuoni aliyewaahidi Wairani dola inayotii sheria ya Mungu. Kabla mapinduzi yake hayajatimiza miaka 9, alikuwa akiwaambia kwamba dola inaweza kuiweka kando hukumu yoyote ya sheria hiyo pale maslahi ya umma yanapotaka hivyo.

Namna mambo yalivyofika hapo haieleweki bila kujua kwanza maulamaa wa Kishia waliishi vipi kabla ya kushika serikali. Waumini wa madhehebu ya Ithnaasharia wanaamini kuwa Imamu wao wa 12 alighibu katika karne ya 9 na atarejea kabla ya Kiyama. Mpaka atakaporejea, nani atawale? Kwa zaidi ya miaka elfu moja, jibu la wanazuoni wengi lilikuwa la tahadhari: kazi ya fakihi, yaani bingwa wa sheria ya dini, ni kufundisha, kutoa fatwa, kuamua mirathi, kusimamia wakfu na mali za mayatima. Kiti cha enzi kiwe na mwenyewe.

Hata hivyo walikuwa na nguvu, na nguvu hiyo ilitoka kwa waumini moja kwa moja. Kila Mshia hutakiwa kumfuata mwanazuoni mkubwa aliye hai, anayeitwa marjaa, na kupeleka kwake au kwa wakili wake khumsi, moja ya tano ya ziada ya mapato yake ya mwaka. Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wenye majirani wa Kikhoja Ithnaasheri wanaufahamu utaratibu huo. Wengi wa jamii hiyo kwa miaka mingi wamewafuata marjaa wa Najaf, mji wa Irak ulio mbali sana na pwani yoyote ya Afrika. Hakuna serikali inayowapangia nani wamfuate. Shekhe wa Al-Azhar kule Misri alilipwa na kuteuliwa na dola. Marjaa wa Najaf, au wa Qom kule Iran, aliwalipa wanafunzi wake posho kutoka kwenye fedha za waumini, wala hakuwa na waziri wa kumwomba.

Watawala wa Iran waliionja nguvu hiyo mapema. Mwaka 1890 Naser al-Din Shah aliwauzia Waingereza haki ya kununua, kuuza na kusafirisha nje tumbaku yote ya nchi. Mkulima aliyeilima na mwenye duka aliyeiuza wakawa vibarua wa kampuni moja ya kigeni. Mwishoni mwa 1891 ikatangazwa fatwa ya marjaa Mirza Hasan Shirazi, aliyekuwa akiishi Samarra: kuvuta tumbaku ni sawa na kumpiga vita Imamu wa zama. Viko vikawekwa chini nchi nzima, na inasimuliwa kuwa hata ndani ya kasri wake wa Shah walikataa kuvuta. Mapema 1892 mkataba ukafutwa. Maskani ya Shirazi yalikuwa nje ya mipaka ya Iran, na hakuwa na askari hata mmoja.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba maulamaa walisema kwa sauti moja. Wakati wa harakati za kudai katiba, zilizozaa Bunge la kwanza mwaka 1906, walipasuka katikati. Akhund Khorasani wa Najaf, mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake, aliiunga mkono katiba, na mwanafunzi wake Na'ini akaandika kitabu cha kuitetea kwa hoja za dini: kama Imamu hayupo, basi kila utawala una kasoro, na wenye kasoro ndogo zaidi ni ule ambao mtawala amefungwa mikono na sheria na bunge. Sheikh Fazlollah Nuri wa Tehran alianza upande wa katiba kisha akaigeuka, akisema binadamu hawana ruhusa ya kutunga sheria mahali ambapo Mungu ameshatunga. Kwa shinikizo lake, nyongeza ya katiba ya 1907 ilitaka mujtahidi, yaani wanazuoni wenye daraja ya kutoa hukumu, wasiopungua 5 wakae wakipima kila muswada wa Bunge. Kifungu hicho hakikufanya kazi ipasavyo hata siku moja. Nuri mwenyewe alinyongwa hadharani Julai 1909 baada ya wapigania katiba kuuteka mji. Miaka 70 baadaye wazo lake lilifufuka likiwa na meno.

Kisha likaja jeshi. Reza Khan, ofisa aliyepanda kwa mapinduzi ya 1921, alijitawaza kuwa Shah kufikia 1926 baada ya Bunge kumpa ufalme mwaka uliotangulia. Akawanyang'anya maulamaa mahakama na shule, na mwaka 1936 akapiga marufuku hijabu. Polisi waliwavua wanawake mitandio barabarani. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu dola ya Iran ilianza kuamua mavazi ya mwanamke kabla ya fakihi yeyote kushika madaraka. Mwanawe, Mohammad Reza, alirithi kiti 1941. Mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilisaidia kumpindua waziri mkuu Mohammad Mosaddegh, aliyekuwa ametaifisha mafuta, na tangu siku hiyo Shah alionekana na Wairani wengi kama mtu aliyerudishwa kitini na wageni. Ayatullah Kashani, mwanasiasa mashuhuri kuliko wenzake wote wa kilemba wakati huo, alikuwa ameshamtupa mkono Mosaddegh.

Khomeini alianza kujulikana kwa taifa mwaka 1963. Shah alikuwa ametangaza mpango wake wa kugawa ardhi na kuwapa wanawake kura, akauita Mapinduzi Meupe. Siku ya Ashura, Juni 3, akiwa Qom, Khomeini alimshambulia Shah kwa jina, akamfananisha na Yazid, muuaji wa Husein. Kwa Mshia hakuna tusi linalozidi hilo. Alikamatwa usiku wa kuamkia Juni 5, na ghasia zilizofuata zilizimwa kwa risasi. Wanazuoni wakubwa, miongoni mwao Ayatullah Shariatmadari, walijitokeza kuthibitisha kuwa mfungwa huyo amefikia daraja ya marjaa, ili asiguswe. Jina la Shariatmadari lina sura yake katika habari hii, tutalirudia. Mwaka 1964 Khomeini alipinga sheria iliyowakinga wanajeshi wa Marekani na familia zao wasishtakiwe katika mahakama za Iran. Safari hii alifukuzwa nchini, kwanza Uturuki, kisha Najaf.

Najaf ndiko alikofikia hatua ambayo waliomtangulia hawakuifikia. Mapema 1970, katika mfululizo wa darasa kwa wanafunzi wa dini, alijenga hoja kwamba Mungu hakuteremsha sheria za adhabu, kodi na vita ili zisomwe vitabuni tu. Sheria inahitaji mtekelezaji. Imamu hayupo, kwa hiyo anayeijua sheria zaidi na mwenye uadilifu ndiye mwenye wajibu wa kutawala. Hiyo ndiyo wilayat al-faqih, utawala wa fakihi. Darasa zilichapwa kuwa kitabu. Katika mji huo huo, Ayatullah Khoei, marjaa mwenye wafuasi wengi kuliko Khomeini, hakukubaliana naye: usimamizi wa fakihi, kwa mtazamo wa Khoei, haufiki kwenye utawala wa nchi. Ni muhimu msomaji alijue hili, maana siku hizi mfumo wa Iran huchukuliwa kana kwamba ndio msimamo wa Ushia wote. Ulizaliwa ukiwa rai ya wachache.

Kilichoipa rai hiyo watu ni Shah mwenyewe. Bei ya mafuta ilipanda karibu mara 4 kati ya 1973 na 1974, fedha zikafurika, na mfumuko wa bei ukafuata. Wanavijiji walimiminika Tehran na kuishia kwenye vibanda vya kusini mwa jiji, ambako msikiti na husainia, ukumbi wa maombolezo ya Kishia, ndivyo vilivyowapokea. Mwaka 1975 Shah alifuta vyama vyote akabakiza kimoja, Rastakhiz. Kisha akawatupia lawama ya bei wafanyabiashara wa sokoni: vijana wa chama walitumwa madukani kukagua bei, na maelfu ya wenye maduka wakatozwa faini, wengine wakafungwa. Hao ndio waliokuwa wakilipa khumsi. Mwaka 1976 akaibadili hata kalenda. Badala ya kuhesabu tangu Hijra ya Mtume, Wairani waliambiwa wahesabu tangu ufalme wa Cyrus. Mwaka 1355 ukawa 2535. Mtu aliyelala katika karne ya 14 aliamka katika karne ya 26.

Januari 7, 1978, gazeti la Ettela'at lilichapisha makala ya kumtukana Khomeini. Wanafunzi wa dini wa Qom waliandamana, polisi wakawapiga risasi, na baadhi yao wakafa. Hapo ndipo mila ya matanga ilipogeuka kuwa saa ya mapinduzi. Desturi ya arobaini, tunayoijua hata sisi wa pwani, ilitaka wafu wakumbukwe siku ya 40. Februari 18 arobaini ya waliouawa Qom ilisomwa katika miji mbalimbali; huko Tabriz ikawa ghasia, na wengine wakauawa. Siku 40 baadaye, mwishoni mwa Machi, ikasomwa arobaini ya wafu wa Tabriz, Yazd nako watu wakauawa. Mei ikaja zamu ya wale wa Yazd. Hakuna chama ambacho kingeweza kuitisha maandamano ya nchi nzima kwa ratiba kali kama ile bila kugunduliwa na Savak, polisi wa siri wa Shah. Msiba hauhitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Watu walijua tarehe, walijua mahali, walijua dua.

Agosti 19, sinema ya Rex mjini Abadan iliteketea na watu wasiopungua 370 ndani yake. Umma uliamini ni kazi ya Savak. Ushahidi uliopatikana baadaye uliwaelekea watu wenye msimamo mkali wa upande wa upinzani. Septemba 8, Ijumaa, jeshi lilifyatua risasi kwenye umati katika Uwanja wa Jaleh, Tehran, na baada ya siku hiyo maneno ya maridhiano hayakuwa na msikilizaji. Wafanyakazi wa mafuta waligoma. Irak ilimfukuza Khomeini kwa ombi la Shah, naye Oktoba akahamia Neauphle-le-Château, kijiji kilicho karibu na Paris. Kumfukuza kulimpa asichokuwa nacho Najaf: simu nzuri na waandishi wa habari wa dunia nzima. Hotuba zake zilisomwa kwa simu hadi Tehran, zikarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa na kusambazwa misikitini na masokoni. Usiku, wakati wa amri ya kutotoka nje, watu walipanda juu ya mapaa na kupiga takbiri mtaa hadi mtaa, na askari waliokuwa chini barabarani hawakujua wamlenge nani. Desemba 10 na 11, Tasua na Ashura, mamilioni waliingia barabarani. Shah aliondoka Januari 16, 1979. Khomeini alitua Tehran Februari 1. Siku 10 baadaye jeshi lilitangaza kutoegemea upande wowote, na ufalme ukaisha.

Katika umati ule walikuwamo wakomunisti wa Tudeh, wazalendo wa mrengo wa Mosaddegh, Mujahidina wa Khalq, na vijana wa vyuo waliomsoma Ali Shariati, mwanasosholojia aliyefariki Uingereza 1977 baada ya kuwafundisha kwamba Husein wa Karbala ni mwanamapinduzi na kwamba dini ya wafalme si dini ya wanyonge. Wengi wao walidhani mzee angerejea Qom akafundishe. Serikali ya mpito alikabidhiwa Mehdi Bazargan, mhandisi mcha Mungu mwenye fikra huru. Rasimu ya kwanza ya katiba, iliyotolewa Juni, haikuwa na utawala wa fakihi ndani yake, na Khomeini alikuwa tayari kuipitisha ikiwa na marekebisho madogo. Waliodai isipelekwe kwenye kura ya maoni kabla ya kujadiliwa na baraza lililochaguliwa walikuwa wapenda demokrasia. Wakapata baraza. Lilikuwa la watu 73, wengi wao wenye vilemba, mwenyekiti wake Ayatullah Hossein-Ali Montazeri, na ndilo lililoandika kwamba juu ya rais, Bunge, mahakama na jeshi atakaa fakihi mmoja, Kiongozi Mkuu. Wakati huo huo, Novemba 4, wanafunzi waliuteka ubalozi wa Marekani. Bazargan alijiuzulu, na katika joto la sakata hilo katiba ikapitishwa mwezi uliofuata.

Vyombo vilivyotokana na katiba hiyo vinafahamika kwa wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Redio Tehran. Liko Bunge, linalopigiwa kura. Liko Baraza la Kulinda Katiba lenye watu 12, mafakihi 6 wanaoteuliwa na Kiongozi Mkuu na wanasheria 6 wanaothibitishwa na Bunge, ambalo hupima kila sheria na kuwachuja wagombea. Hapo Nuri, aliyenyongwa 1909, alipata alichokitaka. Wanawake walikuwa wameshaona upepo unakoelekea tangu Machi 8, 1979, walipoandamana Tehran kupinga tamko la kuwalazimisha hijabu kazini. Sheria ya familia ya 1967, iliyomzuia mume kutoa talaka nje ya mahakama, ilikuwa imeshasimamishwa.

Lakini kuandika kwamba sheria ya Mungu itatawala ni jambo moja, kuendesha bajeti, bandari na vita ni jambo lingine. Iran ilikuwa vitani na Irak tangu Septemba 1980. Bunge lilipitisha sheria za kugawa ardhi ya mabwanyenye na kuweka biashara ya nje mikononi mwa serikali. Baraza la Kulinda Katiba likazirudisha, kwa sababu fikihi inaheshimu mali ya mtu. Sheria ya kazi nayo ikakwama: mkataba kati ya mwajiri na mwajiriwa ni wao wawili, serikali inaingilia kwa hoja gani? Mafakihi wale hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakisoma vitabu vile vile ambavyo mapinduzi yaliahidi kuvifuata. Barua ya Januari 1988 iliandikwa kuukata mzozo huo, na mwezi uliofuata ikaundwa Halmashauri ya Kuainisha Maslahi ya Mfumo, yenye kuamua pale Bunge na Baraza wanapovutana. Maslahi yakapewa ofisi, na ofisi hiyo ikapewa neno la mwisho.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima la dini na dola. Watu wengi huogopa kwamba dini ikiingia serikalini itaimeza serikali. Iran inaonyesha kinyume chake. Dola ya kisasa ina mahitaji yake, nayo haimwachii mtu yeyote aliye nje yake mamlaka ya kusema lililo halali. Ikiwa fakihi ndiye mtawala, basi fakihi asiyetawala anakuwa mpinzani wa serikali kila anapotoa rai tofauti.

Waliolionja hilo kwanza ni maulamaa wenyewe. Shariatmadari, yule aliyesimama na Khomeini 1963, aliipinga wilayat al-faqih katika katiba. Mwaka 1982 alishutumiwa kujua njama ya kuipindua serikali, na jumuiya ya walimu wa Qom ikatangaza kwamba si marjaa tena. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Daraja ambayo kwa desturi hutolewa na elimu na kufuatwa na waumini ilifutwa kwa tangazo. Alifariki 1986 akiwa chini ya ulinzi nyumbani kwake. Ikaundwa pia mahakama maalumu ya maulamaa, nje ya mfumo wa kawaida wa mahakama. Hata Shah hakuwa na chombo cha namna hiyo.

Zamu ya Montazeri ilikuja baadaye. Yeye ndiye aliyeongoza baraza la katiba, na mwaka 1985 aliteuliwa kuwa mrithi wa Khomeini. Kiangazi cha 1988, vita vikielekea ukingoni, maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliuawa magerezani, wengi wao wakiwa tayari wanatumikia vifungo walivyohukumiwa. Kamati ndogo ziliwauliza maswali machache, kisha zikawapeleka kitanzini. Montazeri aliandika barua kupinga, akakutana na wajumbe wa kamati ya Tehran na kuwaambia ana kwa ana kwamba historia itawahukumu. Sauti ya kikao hicho ilitangazwa hadharani mwaka 2016. Angenyamaza miezi michache tu angekuwa Kiongozi Mkuu. Hakunyamaza, na Machi 1989 akavuliwa urithi. Katika siasa za karne iliyopita ni vigumu kumpata mwingine aliyekaribia madaraka makubwa namna ile akayaacha yapite kwa ajili ya roho za mahasimu wake.

Khomeini alifariki Juni 3, 1989. Katiba ilisema mrithi lazima awe marjaa. Kesho yake Baraza la Wataalamu, chombo chenye kazi ya kumchagua Kiongozi, lilimchagua Ali Khamenei, ambaye hakuwa marjaa, na wiki chache baadaye katiba iliyorekebishwa ikapitishwa kwa kura ya maoni, sharti hilo likiwa limeondolewa. Kwa hoja ya mwaka 1970, fakihi alistahili kutawala kwa sababu ya elimu yake kuu. Kuanzia 1989 ilitosha awe mwanasiasa hodari mwenye elimu ya kutosha. Khamenei aliongoza kwa zaidi ya miaka 30, na Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi likawa na sauti kubwa kuliko hauza, yaani vyuo vya dini, ya Qom.

Haki itendeke: jamhuri hiyo ilipeleka umeme, barabara na vituo vya afya vijijini ambako Shah hakufika, na iliwafundisha wasichana kusoma kwa wingi kiasi kwamba kufikia miaka ya 2000 walikuwa nusu na zaidi ya wanaoingia vyuo vikuu. Wasichana hao na mabinti zao ndio walioongoza maandamano ya 2022, baada ya Mahsa Amini wa miaka 22 kufariki mikononi mwa polisi wa maadili. Askari wa zama za babu alimvua mwanamke mtandio, askari wa zama za mjukuu akamkamata kwa kuuvaa vibaya. Raia wa kike alitafutwa na dola zote mbili kwa sababu ile ile.

Irak jirani ilionyesha njia nyingine. Utawala wa Saddam Hussein ulipoanguka 2003, wengi walitazamia Ayatullah Ali Sistani wa Najaf, mwanafunzi wa Khoei, adai kiti. Alichodai ni kura. Mwezi Juni mwaka huo alitoa fatwa kwamba watakaoandika katiba lazima wachaguliwe na Wairaki wenyewe, wala wasiteuliwe na jeshi la uvamizi, na Januari 2004 maelfu kwa maelfu waliandamana Basra na Baghdad kuitilia nguvu rai yake. Marekani ililazimika kubadili mipango. Sistani hakuchukua wadhifa wowote, na serikali za Baghdad, pamoja na ufisadi wake wote, hazikuwa na njia ya kumvua umarjaa. Hilo halikuipa Irak utawala bora. Liliwaachia Wairaki mtu mmoja mwenye uzito ambaye angeweza kuikosoa serikali kwa jina la dini bila kuonekana anagombea nafasi yake.

Montazeri aliishi hadi Desemba 2009. Alizuiwa nyumbani kwake Qom kwa zaidi ya miaka 5 kuanzia 1997, baada ya kusema hadharani kwamba Kiongozi Mkuu hana sifa za kutoa fatwa, na kwamba kazi ya fakihi ni kusimamia, si kutawala. Katika miezi yake ya mwisho, kufuatia uchaguzi wa urais wa 2009 uliolalamikiwa, alisema mfumo huo si wa Kiislamu wala si jamhuri. Mazishi yake yalijaza mitaa ya Qom na kugeuka kuwa maandamano dhidi ya serikali.

Katiba ambayo baraza lake liliandika ina kifungu cha 111, kinachoruhusu Baraza la Wataalamu kumwondoa Kiongozi aliyepoteza sifa. Wanaogombea kuingia katika baraza hilo huchujwa na Baraza la Kulinda Katiba, na mafakihi wa Baraza la Kulinda Katiba huteuliwa na Kiongozi. Kifungu hicho hakijawahi kutumika kumwondoa mtu.